Viatu Visivyobana

Mwisho wa mwezi supamaketi ile huwa haipitiki. Jioni hiyo foleni zilikuwa zimerudi nyuma hadi kwenye majokofu ya maziwa, watoto wanalia, troli zinagonga watu visigino, na kila mtu anamtazama aliye mbele yake kama ndiye aliyemharibia siku. Katikati ya vurugu hiyo alisimama kijana mmoja mrefu mwenye aproni ya ngozi begani na kopo moja la dawa ya viatu mkononi. Hakuwa akitazama saa wala foleni. Alikuwa ameinamisha shingo akichungulia chini ya kaunta.

"Kaka, uso wangu uko huku juu," alisema keshia bila kuacha kupitisha bidhaa.

Alivaa sare ya zambarau yenye kola nyeupe, nywele kazibana kisogoni, na vidole vyake vilikwenda mbio kuliko macho ya wateja. Watu wakacheka. Kijana akaona masikio yanamchoma.

"Samahani dada. Natazama kiatu."

"Kiatu kimekufanya nini?"

"Mimi hakijanifanya kitu. Ila wewe kinakuumiza, hicho cha kushoto. Unasimamia mguu mmoja kama kuku aliyekanyaga mwiba."

"Wewe daktari?"

"Fundi viatu. Kibanda changu kiko nyuma ya jengo hili, karibu na mlango wenu wa wafanyakazi. Kila jioni unapita pale ukichechemea."

"Kumbe siku zote unanitazama."

"Nakitazama kiatu."

"Haya, basi kitongoze hichohicho kiatu," akasema, akamkabidhi kopo lake na kumwita mteja mwingine.

Fundi alitoka pale akiwa hajui kama ametukanwa au amekaribishwa. Zamu ilipokwisha, keshia alitokea kwenye kibanda akitembea pekupeku juu ya saruji, viatu kavishika mkononi. Akaviweka mezani, katikati ya misumari na vipande vya ngozi.

"Nimekuletea mchumba wako," akasema.

Tangu siku hiyo kijana akamwita Keshia, naye akamwita Fundi, na hata ndoa haikuwaondolea mazoea hayo. Siku ya kutambulishana, shangazi mmoja aliuliza kwa sauti kama hawa watoto wanajuana majina kweli, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Walipendana kwa simu zaidi ya kitu kingine, maana kazi zao zilikuwa za kusimama na kuinama, na nafasi yao ilikuwa ule wakati wa mchana keshia anapopumzika.

"Keshia wangu, umekula?"

"Sijala."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa namngoja mtu aniulize."

"Sasa umeulizwa. Kula."

"Na wewe je?"

"Nimeshika gundi."

"Usije ukala hiyo. Jioni unibakishie ninuse."

Hakuwa anatania. Aliipenda harufu ile. Akifika kibandani huchomeka pua kwenye aproni ya Fundi, huvuta pumzi na kusema ananuka kama dukani siku ya kununuliwa viatu vipya utotoni. Fundi naye alimchongea miguu yake ya mti, yaani zile kalibu ambazo fundi huzivika ngozi ili kiatu kipate umbo, kulia na kushoto, kwa vipimo vyake yeye tu. Juu ya kalibu hizo alimshonea viatu vyeusi vya kazini vya kufunika vidole, vyenye mkanda mmoja juu ya mguu. Keshia alikuwa akiufunga kwenye tundu la pili. Haubani, haulegei. Alisimama navyo zamu nzima, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Hiyo ilikuwa kabla ya mimba.

Mimba ilipoingia, Fundi alifurahi kwa siku chache tu. Jioni moja alikuta mkewe kasimama mlangoni, kiganja puani, machozi yanamlengalenga.

"Usiingie hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Na hiyo harufu. Fundi, naomba uoge nje kwanza. Siwezi."

Alioga. Akaoga tena. Siku ya tatu akanunua sabuni yenye manukato makali, akajisugua mpaka ngozi ikawasha, akaingia ndani akijiamini. Keshia alinusa mara moja, akashika tumbo.

"Sasa unanuka gundi iliyokwenda harusini," akasema, akakimbilia chooni.

Wakacheka wote wawili, yeye akiwa ndani na Fundi nje ya mlango. Kilikuwa kicheko chao cha mwisho kwa muda mrefu. Tangu hapo Fundi alihamishiwa kwenye kochi la sebuleni, na mlango wa chumbani ukawa unafungwa ili hewa isipite.

Dada yake mkubwa, ambaye alikuwa akija kila Jumapili kumwangalia wifi yake, alipoliona kochi limetandikwa shuka, alicheka hadi akaketi.

"Mimba imekukataa, mdogo wangu. Pole. Mimi shemeji yako nilimkimbiza hadi kwa mama yake."

"Itaisha lini?"

"Inategemea. Wengine mpaka mtoto azaliwe."

"Dada, nijuaje kama inayonikataa ni mimba tu?"

"Unauliza nini sasa?"

"Nauliza nitajuaje kama si yeye."

Dada aliacha kucheka. Fundi alilala na swali hilo kila usiku, miguu inaning'inia nje ya kochi. Yule mwanamke aliyekuwa akimnusa kama maua, leo anamwona na kurudi nyuma hatua mbili. Aamini nini? Kama angetukanwa, angejua pa kuomba radhi. Lakini hakuwa amekosa kitu. Alikuwa yuleyule, mwenye kazi ileile na aproni ileile, na huko kuwa yuleyule ndiko kulikokuwa kosa.

Alijaribu kliniki. Alifunga kibanda asubuhi, akavaa shati la kitenge lililopigwa pasi, wakaenda wote. Katika ukumbi wa kungojea, joto lilipoanza kupanda na watu kubanana kwenye mabenchi, Keshia akamgeukia kwa unyonge.

"Fundi, kaa nje. Nitatapika mbele za watu."

Akatoka. Akakaa kwenye benchi la uani na mwanamume mmoja aliyekuwa analala. Kupitia dirishani alisikia sauti ya mkunga ikifundisha, na wanawake wakiitikia, lakini maneno hayakumfikia. Mkewe alipotoka alimpokea mkoba.

"Wamesemaje?"

"Kawaida. Nile vizuri, nipumzike, nirudi mwezi ujao."

"Hakuna jingine?"

"Mengi tu, Fundi. Nimechoka. Twende."

Hayo mengi ndiyo aliyopaswa kuyajua, na hakuyauliza tena. Aliogopa kusumbua. Siku hizo aliogopa kusumbua kuliko alivyoogopa kitu chochote.

Mwezi wa saba wa mimba ulipoingia, jioni moja Keshia alisinzia kwenye kiti akiwa hajavua hata sare. Fundi akamvua viatu taratibu, akiwa amejibana pumzi kana kwamba harufu inatoka puani mwake. Juu ya mguu aliona alama. Mkanda ulikuwa umechimba mfereji mwekundu kwenye nyama. Mguu aliokuwa akiujua kuliko mguu wake mwenyewe ulikuwa umejaa, kifundo kimepotea. Alitoka nje, akampigia dada yake.

"Dada, mjamzito huvimba miguu?"

"Huvimba. Mimi nilivaa ndara za shemeji yako mpaka najifungua. Kwani vipi?"

"Basi. Nilitaka kujua."

Akashusha pumzi. Kumbe ni jambo la kawaida. Na hapo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, akaona kitu anachoweza kukifanya. Kumgusa mke wake ilikuwa marufuku, ila viatu vyake havikuwa na marufuku yoyote. Alfajiri, mkewe akiwa bado amelala, alivichukua mlangoni, akavilainisha kwa maji kidogo, akavivika kwenye kalibu alizokuwa ameziongeza vipande vya ngozi pembeni, akavitanua. Kisha akafumua kishikizo cha mkanda, akakisogeza mbele kidogo, akakishona upya pale pale pembeni kwa uzi uleule. Alikuwa fundi hodari. Ungeshika kiatu kile ukakizungushazungusha, usingejua kimeguswa. Keshia akiamka angefunga tundu lake la pili kama kawaida, na mkanda ungelala juu ya mguu bila ugomvi.

"Viatu vinasemaje?" alimuuliza jioni hiyo.

"Havina neno," mkewe akajibu, akatabasamu kidogo.

Kwa tabasamu lile angetanua viatu vya mji mzima. Baada ya siku chache mguu ukaongezeka tena, akakisogeza kishikizo tena. Wiki iliyofuata, tena. Kila alfajiri ya namna hiyo alikaa kizingitini na kazi yake mapajani, akijisikia mume. Hakumwambia. Alitaka siku moja, mimba ikishamsamehe, amsimulie waucheke pamoja.

Lakini tabasamu halikudumu. Keshia alianza kurudi kazini amekunja uso, anapitiliza chumbani.

"Kichwa kinaniuma," anasema, na mlango unafungwa.

Siku ya kwanza Fundi alimpelekea maji. Siku ya pili akampelekea dawa ya maumivu. Siku ya nne akaanza kuhesabu moyoni namna wanawake wanavyoumwa kichwa, na vichekesho vyote alivyowahi kusikia kijiweni kuhusu kichwa cha mke vikamrudia, ila safari hii havikumchekesha.

"Kichwa tena?"

"Ndiyo, tena."

"Mbona kinauma nikiwa nyumbani tu?"

Keshia alimtazama kama anayemtafuta ndani ya ukungu. Uso wake ulikuwa umejaa, macho yamevimba, na Fundi alidhani ni kilio.

"Basi usiwepo," akasema.

Hakuwepo. Siku iliyofuata alijichimbia kibandani, akagonga soli ambazo hazikuhitaji kugongwa. Mchana akapiga simu kama zamani. Ikaita, ikaita, akapokea keshia mwenzake na kusema mwenye simu kajilaza stoo. Baadaye kidogo simu yake ikalia.

"Ulinipigia?"

"Unaumwa?"

"Naumwa kichwa."

"Kwa nini huniambii?"

"Nikuambie mara ngapi, Fundi? Nikisema kichwa unaniona mwongo. Nikikaa kimya unaniuliza kwa nini sisemi. Nishike lipi?"

Kuna kitu Fundi alikuwa amekibeba tangu siku ya kochi, na sasa kikamtoka bila kupanga.

"Keshia, bado unanipenda?"

Upande wa pili alisikia mashine zinalia, mtoto anaomba biskuti, mtu anacheka.

"Sijui," akasema Keshia. "Sijui chochote sasa hivi, sijui hata nimesimama wapi. Niache nimalize zamu."

Mtu mwenye utulivu angeisikia sentensi yote. Fundi alisikia neno moja la mwanzo, akalishika hilo, akalibeba hadi nyumbani na kulala nalo kwenye kochi.

Alfajiri aliamka kama kawaida. Hata na lile neno 'sijui' la mkewe, viatu alivichukua. Asingeweza kumwacha aende na mkanda unaochimba. Alikuwa ameketi kizingitini, kishikizo kimefumuliwa, sindano mdomoni, aliposikia mlango wa chumbani. Keshia alisimama nyuma yake na gauni la kulalia, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye paji la uso.

"Unafanya nini na viatu vyangu?"

Fundi alitoa sindano mdomoni. Aliona aibu kama aliyekutwa akiiba.

"Navilegeza kidogo."

"Kwa nini?"

"Miguu imejaa. Sikutaka vikubane."

"Umeanza lini?"

"Tangu mwezi ulipoingia. Natanua, nasogeza kishikizo. Nilitaka usihangaike."

Keshia aliteleza taratibu na ukuta mpaka akakaa sakafuni. Hakulia. Alitazama miguu yake kana kwamba kaletewa ya mtu mwingine.

"Mkunga alisema," akaanza. "Alisema viatu vikianza kubana ghafla ni dalili ya hatari, nisingoje tarehe ya kliniki. Niende siku hiyohiyo. Tena viatu ndivyo alivyovitaja kwanza, maana sisi wa kusimama kutwa hatujui miguu yetu. Siku moja vilinibana, kesho yake havikubana, nikajua yamepita. Kila asubuhi nafunga tundu la pili. Kichwa kinapasuka, naona vimulimuli machoni, vidole havikunjiki vizuri, halafu nafunga tundu la pili na kujiambia si hiyo, ingekuwa hiyo viatu vingebana. Nikadhani ni gundi. Nikadhani ni wewe."

"Mungu wangu," akasema Fundi.

"Kila asubuhi, Fundi."

"Sikujua."

"Ungeniuliza."

"Ulikuwa unafunga mlango."

"Ungegonga," akasema Keshia, na sasa sauti ikavunjika.

Hawakubishana zaidi, maana alijaribu kusimama akashindwa kuuona ukuta. Fundi alimwinua, gundi na jasho na vyote, naye hakuziba pua. Viatu vilibaki kizingitini, kimoja hakina kishikizo. Alimtoa nje amevaa ndara, akasimamisha gari la kwanza lililopita, akampandisha.

Hospitalini mambo yalikwenda kwa kasi iliyomtisha. Walimfunga kipimo cha presha mkononi, wakatazamana, wakapima tena. Wakapima mkojo. Mkunga, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akaita daktari bila kupandisha sauti, na Fundi akaogopa zaidi kwa jinsi sauti ile haikupanda. Wakamchoma sindano, wakamwekea dripu, wakamlaza kwa ubavu.

"Nani atakaa naye?" mkunga akauliza.

"Mume wangu asikae," akasema Keshia, uso ukutani. "Simtaki hapa."

Fundi alitoka akaketi kwenye benchi la nje, maana benchi ndilo alilokuwa amelizoea. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Mawazo hayakukaa kwenye mstari. Alikuwa amempenda, na kule kumpenda ndiko kulikomficha hatari. Angekuwa mume mvivu, mume asiyejali, viatu vingebana, na mkewe angefika hapa wiki tatu zilizopita kwa miguu yake. Sasa mtu afanye nini na jambo la namna hiyo? Amkasirikie nani? Aombe radhi kwa kuwa mwema, au kwa kuwa mwema kimyakimya?

Mkunga alitoka, akasimama mbele yake.

"Wewe ndiye baba?"

"Ndiyo, mama."

"Siku ya mafunzo ulikuwa wapi? Sura yako siijui."

"Nilikuwa kwenye benchi."

"Benchi halizai. Nisikilize. Kuvimba miguu peke yake si ajabu, wengi huvimba. Lakini ikija kwa ghafla, na uso umejaa, na kichwa hakisikii dawa, na macho yanaona vimulimuli, hiyo ni presha ya mimba. Ikiachwa inaleta kifafa, na tunaweza kumpoteza yeye na mtoto. Ameletwa kwa kuchelewa, lakini ameletwa. Unanielewa?"

"Nimeelewa. Nifanye nini?"

"Umfikishie maji anywe. Umsaidie kugeuka. Akilalamika kichwa, au macho, au maumivu hapa juu ya tumbo, usimpime kwa akili yako. Niite mimi. Na ukaoge kwa maji na sabuni isiyo na manukato."

"Amesema hanitaki."

"Nimesikia. Mimi sijasema umshike mkono. Kaa pale kwenye kiti."

Dada alikuja mbio na nguo safi, kilemba kimemkaa upande, akamkuta mdogo wake ameketi kwenye kiti cha plastiki mita chache kutoka kitandani, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Alipoelezwa, aliweka mkono mdomoni.

"Ni mimi niliyekwambia ni kawaida."

"Ni mimi niliyekuuliza wewe badala ya kumuuliza yeye," akajibu Fundi.

Siku mbili Keshia hakumsemesha. Aliongea na dada, aliongea na mkunga. Fundi alimpa maji, Keshia akapokea bilauri. Usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande, na mara nyingine aliamka akamtazama mumewe kwa macho ambayo Fundi hakuweza kuyasoma: hasira ilikuwamo, na hofu, na kitu kingine kilichofanana na kumtafuta. Wala Keshia mwenyewe hakuweza kuyasoma. Baadaye alikuja kumwambia wifi yake kwamba alikuwa akiamka na kumchukia, halafu akiona kiti kitupu anaingiwa na hofu mpaka arudi, halafu akirudi anamchukia tena.

Asubuhi ya tatu, akiwa amelala kwa ubavu, alisema taratibu, "Fundi. Vimulimuli."

Fundi hakuuliza vya namna gani. Alikuwa ameshafika korido, anaita.

Presha ilikuwa imekataa kushuka. Daktari aliwaeleza kwa maneno machache: mama amekwisha kuchomwa sindano za kuimarisha mapafu ya mtoto, mtoto ni mdogo lakini ana nafasi, mama akiendelea kungoja, nafasi yake yeye inapungua. Wanampeleka chumba cha upasuaji sasa. Kitanda kikaanza kusukumwa. Kwenye kona ya korido, Keshia alinyoosha mkono, akamshika Fundi kwenye kifundo cha mkono, vidole vimevimba, akamshika kwa nguvu ya kuumiza.

"Tukipona," akasema, "nitakugombeza vizuri."

"Nigombeze hata mwaka mzima. Pona tu."

Milango ikafungwa.

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kiasi cha kumfanya Fundi aogope mikono yake mwenyewe. Alilia kidogo, sauti nyembamba, akanyamaza, na wauguzi wakamkimbiza kwenye chumba cha watoto njiti. Keshia alipelekwa upande mwingine wa jengo, chini ya uangalizi, maana presha haiondoki siku ile mtoto anapotoka. Alikuwa hai. Hilo Fundi alilisema kwa sauti akiwa peke yake koridoni, ili alisikie.

"Mama hawezi kuja bado," muuguzi wa watoto akamwambia siku iliyofuata. "Na huyu anahitaji joto la mwili. Vua shati."

"Mimi?"

"Una mtu mwingine hapo nyuma yako?"

Akavua shati. Wakamketisha kwenye kiti cha kuegemea, wakamlaza mtoto kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, amevaa kofia na nepi tu, wakawafunga pamoja kwa kitenge. Hakuwahi kubeba kitu chepesi namna ile kikawa kizito namna ile. Alihisi moyo mdogo unapiga kasi juu ya wake, akaacha kusogea kabisa. Hakujua kama anafurahi au anaogopa. Machozi yalitoka na hakuyajua ni ya upande upi.

Simu ikatetemeka mfukoni. Akaichomoa kwa vidole viwili.

"Anafanya nini?" ilikuwa sauti ya Keshia, kavu, ya mtu aliyelala chali.

"Amelala."

"Wapi?"

"Kifuani kwangu."

"Anapumua?"

"Anapumua. Mimi ndiye sipumui."

"Pumua, Fundi. Usimwangushe."

"Amefungwa. Wewe je? Kichwa?"

"Kinauma. Nimeshamwambia nesi. Amepima, amenipa dawa, anarudi kupima tena."

"Macho?"

"Yameanza kutulia. Kidonda kinachoma. Maji nimekunywa. Kuna kingine unataka kujua?"

"Vyote."

Fundi alisikia kitanda cha Keshia kikilia, akajua anajigeuza kwa shida, na yeye hayupo kumsaidia.

"Ulisema hujui," akamwambia polepole. "Siku ile kwenye simu. Nilikuuliza, ukasema hujui."

"Na leo sijui. Ukiwa karibu nataka kukupiga. Ukiondoka nauliza umekwenda wapi. Sijui hiyo inaitwaje. Usinilazimishe kuipa jina."

"Sikulazimishi."

"Usinifanyie tena kitu kizuri bila kuniambia. Umesikia? Hata kiwe kizuri namna gani."

"Nimesikia. Na wewe usinifungie mlango. Nifukuze, nitukane, lakini niambie kilichoko ndani."

"Haya." Akavuta pumzi. "Weka simu karibu naye. Nataka kumsikia."

Fundi aliishusha simu hadi pale kofia ndogo ilipoishia. Mtoto alipumua kwa kasi, kwa kukwama kidogo, kisha kwa kasi tena. Upande wa pili mama yake akasikiliza. Dakika zikasonga, na muuguzi akapita akawatazama na kuendelea na kazi.

"Fundi."

"Naam."

"Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Sana."

"Najua, Keshia."

"Usikate simu," akasema.

Naye hakuikata.